Maua Meupe ya Wifi

Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na wifi amehamia chumba cha mbele. Mambo yote mawili yalisubiriwa kwa hamu na kila mtu humu ndani isipokuwa mimi. Mvua naisamehe.

Alishuka na sanduku moja. Mume wangu, kaka yake, fundi wa friji ambaye nikimwomba anyanyue ndoo hulalamikia mgongo, alilibeba sanduku lile begani huku akiimba. Mama mkwe alimshika bintiye mashavu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya, akasema amekonda. Hajakonda hata kidogo. Ana mwili wa kuombwa kuazima.

Keshokutwa anaanza kazi kwenye kituo chetu cha utafiti, maabara ileile, meza inayotazamana na yangu. Na aliyemletea habari za nafasi hiyo ya kazi ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Kweli mdomo huponza kichwa.

Machi 5

Daktari, mkuu wetu wa maabara, ametugawia mgomba. Nieleze hapa mara moja tunachotafuta, maana mume wangu mpaka leo anakiita "dawa ya kutu", na si jina baya. Chuma kikikaa na hewa na maji hushika kutu. Parachichi likikatwa huwa jeusi. Mafuta ya kupikia yakikaa sana hutoa harufu mbaya. Yote hiyo ni kazi ya oksijeni. Ndani ya mimea mna kemikali zinazouzuia uharibifu huo, antioksidanti, na sisi tunazitafuta kwenye sehemu za mgomba ambazo watu hutupa: maganda ya ndizi, maua, majani, gogo, hata tunguu lililo chini ya ardhi.

Mimi nimepewa maganda, na wifi kapewa maua. Majani na gogo wamepewa wenzetu wa chumba cha pili, na wao wanalalamika kwa sababu zao. Lakini tazama mgawo huo: mmoja maganda, mmoja maua! Nilicheka ili nisionekane nimenuna.

Mvua zikikaribia kwisha, kila mtu atasimama mbele ya wageni wa chuo kikuu aeleze alichokipata. Atakayewaridhisha atapelekwa kusoma shahada ya uzamili, masomo na makazi yote juu yao. Nafasi ni moja. Mara iliyopita ilikwenda kwa mwenzetu mmoja, nikampigia makofi mpaka viganja vikaniwasha, na nikajiambia zamu yangu ndiyo inayofuata.

Machi 8

Mvua. Maganda.

Machi 11

Mama mkwe ametupa maganda yangu. Nilikuwa nimeyaanika kwenye ungo veranda, yaliyoiva upande huu, mabichi upande ule, kila fungu na kibandiko chake. Narudi, ungo umeoshwa unang'aa.

"Mama, maganda yangu yako wapi?"

"Yale ya kwenye ungo? Nimeyatupa shimoni, mkwe. Nikasema huyu mtoto wa watu kachoka, hata takataka hajapata nafasi ya kuzitoa."

Wifi akacheka, halafu akaziba mdomo, halafu akaniomba radhi kwa niaba ya mama yake. Radhi ya kuwakilishwa hiyo sikuipokea. Tangu leo sampuli zangu zitaandaliwa maabara na kulala maabara, na hakuna mkono utakaozigusa ila wangu.

Machi 17

Leo nimepima mara ya kwanza. Kuna dawa yetu moja ya rangi ya zambarau, tunaiyeyusha kwenye spiriti na kuifunga kwa karatasi ya foili isipigwe na mwanga. Ukiichanganya na maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye sampuli, ukasubiri, na sampuli ikawa na nguvu, ile zambarau hufifia na kuwa manjano. Mashine ndiyo inayosoma imefifia kiasi gani, ila jicho huwa limeshajua.

Maganda yangu yameififisha vizuri sana. Maganda mabichi zaidi kuliko yaliyoiva, jambo ambalo nililitarajia. Niliinua mrija wa kioo dirishani nikautazama, manjano safi, nikafurahi peke yangu. Siku hizi furaha zangu ni za peke yangu.

Machi 25

Wifi hukata maua yake kwenye migomba ya nyuma ya nyumba yetu asubuhi kabla ya kazi. Kuyaambua yale magamba ya zambarau mpaka kufikia moyo mweupe wa ndani ni kazi ya kuchosha, utomvu unanata na kuchafua nguo. Basi anamwachia Mama. Mama anaambua, anakatakata, anafunga kwenye mfuko, na mume wangu anampelekea maabara kwa pikipiki. Ukoo mzima uko kazini kwa ajili ya maua. Maganda yangu niliyabeba mwenyewe kwenye mkoba, na kalamu zangu bado zinanuka ndizi.

Leo akapima. Zambarau haikufifia, ilitoweka. Alimwaga tone, ikawa manjano kabla hajaweka mrija chini. Daktari aliitwa, akaja na kikombe chake cha chai mkononi, akasahau kunywa.

"Rudia," akamwambia. Akarudia. Manjano.

"Na hata sampuli zenyewe, tazameni," Daktari akasema, akiinua unga wa maua kwenye chupa. "Weupe huu! Wote niliowaona wakifanya maua, unga wao huwa mweusi kama majivu. Binti huyu ana mkono."

Ana mkono. Mimi nina miguu, labda. Nilirudi mezani kwangu nikaosha mirija iliyokwisha kuoshwa.

Machi 26

Mama mkwe amewaambia majirani wote.

Aprili 2

Nimemwambia mume wangu kwamba dada yake anaringa. Akauliza anaringa vipi. Nikafikiri sana, nikasema anavyotembea. Akanitazama, akasema, "Anatembea kwa miguu, kama kawaida." Mtu akiwa upande wa ndugu yake hata umwonyeshe nini haoni.

Kusema kweli hajaringa. Alinisaidia jana kurekebisha mashine, akaniuliza kuhusu maganda, na akasikiliza majibu. Hilo ndilo linaloniudhi kupita yote. Angekuwa na kiburi ningekuwa na cha kushika. Nina kijicho, naandika hapa kwa mkono wangu mwenyewe.

Aprili 8

Leo mvua ilikata umeme kituoni tukaambiwa turudi nyumbani. Wifi alibaki kuandika. Mimi nikafika nimelowa chapachapa, nikapitia mlango wa jikoni ili nisichafue sebule.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, beseni mbele yake limejaa maji na vipande vya maua. Vyeupe pe! Mkononi nusu ya limao, anakamua. Kando yake maganda ya malimau mengine kama rundo.

Nilisimama pale huku maji yananitoka kwenye sketi.

"Mama, hilo limao ni la nini?"

Akashtuka kidogo, kisha akacheka. "Ee, umenifuma. Haya maua ukiyakata tu yanakuwa meusi, mkwe, yanatia aibu. Nami sitaki mwanangu apeleke vitu vyeusi mbele ya wakubwa zake. Si unaweka limao tu, kama parachichi? Nayalowesha, nayachuja, yanabaki hivi hivi, kama yameshuka sasa hivi mgombani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza." Akashusha sauti. "Lakini usimwambie wifi yako. Atanicheka, atasema mama naye siku hizi anajifanya mtaalamu. Mwache ajue ni maua yake tu yalivyo mazuri."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Nikaenda chumbani nikakaa kitandani na nguo zangu zilizolowa. Limao! Limao lenyewe limejaa vitamini C, na vitamini C ni antioksidanti ambayo hata mtoto wa sekondari anaijua. Kwa hiyo ile zambarau haikutoweshwa na maua peke yake. Ilitoweshwa na jikoni kwetu. Daktari amesahau chai yake kwa ajili ya limao. Majirani wametangaziwa limao.

Nilicheka mpaka nikauma mto. Ndipo nikafikiri: wageni wale wa chuo kikuu si watoto. Atatokea mmoja atakayeuliza kwa nini maua haya ni meupe, na wifi hatakuwa na jibu, kwa sababu hajui. Atasimama pale mbele na mikono yake mizuri ikining'inia.

Na mimi nimekatazwa kusema. Nimekatazwa na mama mkwe, mwenye nyumba, mkubwa wangu. Siku zote nilizokaa hapa sijawahi kupata amri tamu namna hii.

Aprili 9

Sijasema.

Aprili 13

Nimekata ua moja mwenyewe, nimeliandaa maabara bila limao. Lilikuwa jeusi kabla sijamaliza kulikatakata. Nikakausha, nikasaga, nikapima wakati wengine wamekwenda kula. Lina nguvu, siyo kwamba halina, ila maganda yangu mabichi yanalizidi. Yanalizidi wazi!

Nikamwaga kila kitu na kuosha kila kitu. Kama nafasi hii ingekwenda kwa haki, ingekuja kwangu. Najirudia maneno haya nikitembea, nikipika, nikifua. Yana ukweli ndani yake, na bado kila nikiyasema natazama nyuma kama kuna mtu anasikia.

Aprili 15

Mvua. Wifi amenishonea kifungo cha koti la maabara bila kuombwa. Nimesema ahsante kwa shida.

Aprili 19

Mama mkwe amekwenda kumuuguza mdogo wake, atakaa wiki hivi. Nyumba imepoa. Wifi sasa anaambua maua yake mwenyewe, na usiku vidole vyake ni vyeusi.

Aprili 23

Leo amepima maua aliyoyaandaa mwenyewe. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho, nimeshika kalamu, siandiki kitu. Zambarau ikafifia taratibu, ikasimama katikati, rangi ya chai ya rangi. Akarudia. Akabadilisha mrija akarudia tena. Kisha akakaa, akatazama ukuta.

Nikajua anakaribia kujua. Roho yangu moja ilisema mwambie sasa, hujachelewa, utaonekana umemsaidia. Roho nyingine ikasema mwache. Nikaichagua hiyo nyingine, nikaanza kuandika vibandiko.

Aprili 27

Mama amerudi. Wifi alimfuata jikoni kabla hata hajavua viatu, wakafunga mlango. Nilisikia Mama akicheka, halafu kicheko kikakatika. Walipotoka, wifi hakunitazama. Nimemwona tu akipita na bakuli, shingo imenyooka. Sasa ndiyo ameanza kuringa, nikasema moyoni, na nikafurahi kwamba mwishowe nimepata ushahidi.

Aprili 29

Anabaki maabara jioni siku hizi. Mirija yake yote ameifunika kwa karatasi ya foili, mafungu matatu, na hamruhusu mtu kuisogelea. Anayasugua matokeo yake yang'ae zaidi. Na ayasugue.

Leo, tukiwa tunanawa mikono kwenye sinki moja, aliniuliza, "Wifi, una la kuniambia?"

"La nini?"

"La lolote."

"Sina."

Akafunga bomba, akafuta mikono. "Haya."

Mei 3

Ameuliza tena. Tulikuwa tunaanua nguo, mvua imeanza ghafla, kila mtu ana mashuka mikononi.

"Wifi, kweli huna la kuniambia?"

Hapo nilikaribia. Naandika ukweli, nilikaribia, neno lilifika kwenye meno. Lakini nikamwona amesimama pale, mvua inamchuruzika usoni na bado mzuri, na Mama yuko dirishani anapiga kelele, "Mwanangu ingia ndani, utapata mafua!" Mwanangu, mmoja. Sote wawili tulikuwa tunalowa.

"Sina," nikasema. "Shika hilo shuka, linaburuta."

Mei 6

Kesho ndiyo siku. Nimeandaa maelezo yangu. Nimeandaa pia swali, nitakalomuuliza mbele ya wageni kama hakuna atakayeliuliza. Nimelifanyia mazoezi kwenye kioo, na sauti ya upole, sauti ya ndugu: "Samahani, sampuli zako zilitayarishwaje kabla ya kukaushwa?" Sitasema zaidi ya hapo, wataendelea wenyewe.

Nimepiga pasi gauni la bluu. Nimechoma upindo kidogo, ila hautaonekana nikisimama.

Mei 7

Nimerudi. Nimekaa na gauni la bluu mwilini na sijui nianzie wapi.

Nilianza mimi. Nilieleza maganda, mabichi na yaliyoiva, nikaonyesha namba zangu, sauti haikukwama. Wageni waliitikia kwa vichwa. Mmoja wao, mwanamke mwenye miwani, aliandika. Nikakaa, nikashika swali langu mdomoni.

Wifi akasimama. Hata karatasi hakuifungua.

"Matokeo ya maua niliyoyatoa mwezi wa tatu si sahihi," akasema. "Sampuli zile zilikuwa zimeloweshwa kwenye maji ya limao ili zisiwe nyeusi. Niliyokuwa napima ni maua na limao pamoja. Naomba yafutwe."

Daktari alikuwa ameshaambiwa, niliona kwa uso wake, lakini mgeni mmoja aliuliza kwa ukali, "Nani aliziandaa?"

"Sampuli ni zangu. Sikuuliza zilivyoandaliwa, nilipaswa kuuliza. Kosa ni langu."

Hakumtaja Mama. Hakunitazama mimi, ingawa nilikuwa safu ya mbele, magoti yangu karibu yaguse meza yake.

Kisha akaeleza yale mafungu matatu. Moja maua bila limao, moja maua na limao, moja limao peke yake. Amegundua kwamba ukijumlisha nguvu ya limao na nguvu ya maua meusi, hufiki kwenye ya maua meupe. Kuna kilichozidi. Anadhani limao linalinda antioksidanti za ua lenyewe, zile ambazo huliwa na hewa mara tu kisu kinapopita, na kama ni hivyo sisi sote tunaopima maua yaliyokuwa meusi tunapima mabaki. Wageni waliinuka kwenye viti kutazama mchoro wake. Yule wa miwani alisahau miwani imemshuka puani.

"Ila hilo linataka kupimwa upya, msimu mwingine," wifi akamalizia. "Kwa sasa, katika sehemu zote za mgomba tulizopima, zilizo na matokeo ya kuaminika kupita zote ni maganda mabichi. Mwenzangu hakumwachia mtu kazi yake."

Nafasi nimepewa mimi. Walinipigia makofi. Wifi naye alipiga, makofi ya kweli, namjua. Naye Daktari amempa wifi meza ya dirishani na msimu mzima wa kuchunguza maua na limao, jina lake juu.

Tulirudi pamoja kwa miguu, mwavuli mmoja, kwa sababu mvua haina habari na mambo ya watu.

"Mama aliniambia ulikuwepo jikoni," akasema.

"Alinikataza nisikwambie."

"Na hilo aliniambia." Tukaruka dimbwi. "Nilikuuliza mara mbili, wifi."

"Nilikusikia."

"Ungenijibu tu."

Nikamuuliza kwa nini hakulisema hilo mbele ya wageni. Akahamisha mwavuli mkono mwingine, ukanifunika zaidi mimi kuliko yeye.

"Niwaambie nini? Kwamba wifi yangu aliona akanyamaza? Hilo si la maabara. Hilo ni la kwetu."

Mei 8

Jana niliishia pale kwa sababu niliitwa mezani. Leo naandika kilichobaki, kisha nisikiandike tena.

Mama mkwe alikuwa amepika kwa ajili yangu. Mume wangu alinivutia kiti, kitu ambacho sijui alijifunzia wapi. Wifi alikaa mbele yangu, nywele bado zimelowa.

Mama alijikohoza. "Nimeambiwa limao langu lilitaka kumharibia binti yangu kazi. Nimelia, nimeshamwomba msamaha, amenisamehe. Lakini nina neno moja." Akanigeukia mimi. "Huyu nilimwambia usiseme. Nami nikasema moyoni, mtoto wa watu huyu, kesho tu atasema. Hakusema. Wanafanya kazi chumba kimoja, wanalala nyumba moja, na hakusema. Nani siku hizi anashika neno la mama mkwe? Wakwe wa wenzangu hawaambiliki. Mimi Mungu kanipa mtoto." Akanyoosha mkono juu ya meza, akanishika mashavu, mikono yake inanuka limao. "Mwanangu wewe. Nisamehe, nilikuwa sijakujua."

Mume wangu alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Ilibaki nafasi ndogo ya kusema, Mama, sikunyamaza kwa ajili yako. Ilikuwa ndogo lakini ilitosha mtu kupita, na mbele yangu alikaa mtu aliyepita kwenye nafasi kama hiyo mchana ule, mbele ya chumba kizima, bila hata karatasi.

Nilimtazama wifi. Naye alinitazama, anasubiri, hana hasira. Alikuwa ananiuliza kwa mara ya tatu.

"Ahsante, Mama," nikasema.

Wifi akainamisha macho, akachukua sahani yangu, akanipakulia kwanza mimi.